Mwaka Niliokuwa Mwalimu

Tulipomzika Mwalimu Margwe kule juu ya Dongobesh, lori lililobeba viti na maturubai lilikuwa langu, ng'ombe waliopikwa walitoka zizini kwangu, na kiti cha mbele chenye mto, pembeni ya padri, niliwekewa mimi. Waliokuwepo waliona, sina haja ya kuapa. Basi yule mshereheshaji, kijana mwenye sauti ya redio, akachukua kipaza sauti akasema, "Ndugu waombolezaji, mnamwona mheshimiwa huyu mwenye malori? Mnamjua hapa wilaya nzima. Nani alimtengeneza? Marehemu! Alimpokea akiwa kijana hana mbele wala nyuma, akamlea kama mwanawe wa kumzaa, akamfungulia njia. Mwalimu Margwe alikuwa baba yake!" Watu wakapiga yale makofi ya msibani, ya vidole tu. Mimi nikainamisha kichwa. Waliokaa karibu walidhani nalia, na mama mmoja akanipa leso. Nilikuwa nimekaza meno mpaka taya linauma. Sikusema kitu, kwa sababu mke wa marehemu, Mama Paskali, alinilisha mwaka mzima, na mtu aliyekulisha humharibii msiba wake. Lakini kitabu hiki ni changu. Nimekilipia mwenyewe kutoka karatasi mpaka gundi. Kwa hiyo nilichomeza pale makaburini nitakitapika hapa.

Mwaka wenyewe ni ule mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, watoto wakamiminika madarasani, na serikali ikatafuta walimu kwa haraka ya mtu anayeunguliwa na nyumba. Hata mimi mwenye kidato cha nne cha kuokoteza nikachukuliwa. Mpango ulikuwa hivi: mwaka mmoja unakaa chuoni, mwaka wa pili unapelekwa shuleni kufundisha chini ya mwalimu mkuu, mwisho anakuja mkufunzi kutoka chuo kukuangalia. Akiridhika unapata cheti, na ukipata cheti wewe ni mwalimu wa serikali mpaka uzeeni. Nilikitaka cheti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na leo ninavyo vitu vingi, naweza kulinganisha. Shule niliyopelekwa nitaiacha bila jina, maana walimu waliopo sasa hawana kosa. Iko Hanang, ukishuka kutoka Mogitu kuelekea mbugani, mahali ambapo Mlima Hanang unauona kila unapoinua uso. Juu kidogo wamekaa wakulima wa kwetu, Wairaqw, na mahindi yao. Chini yao ni mabonde ya Wabarabaig na ng'ombe wao, yale mabonde yaliyobaki baada ya mashamba makubwa ya ngano kuchukua mengine. Mimi nilikuwa mtoto wa milimani. Mbarabaig nilikuwa nikimwona mnadani tu, na fimbo yake, nikapisha njia.

Mwalimu Margwe alinipa chumba nyumbani kwake. Chumba nakiita kwa heshima. Kilikuwa stoo ya maharage. Magunia yalipangwa mpaka dirishani, mwanga ukaingia kwa kuomba ruhusa, na kitanda changu cha kamba kikabanwa kati ya magunia na ukuta. Ukuta huo haukufika kwenye bati. Juu ulibaki wazi kwa mkono mzima, kwa hiyo chochote kilichosemwa sebuleni kilinifikia kama nimekaa nao mezani, na harufu ya mboga vilevile. Maisha ya ndoa ya mwalimu mkuu niliyajua yote, nikiwa nimelala chali nahesabu mbao za paa. Asubuhi Mama Paskali alinipa chai ya maziwa na kiporo cha ugali kilichokaangwa. Mchana yalikuwa makande. Jioni ni ugali na mnafu, na mara mojamoja maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, matamu mpaka unakunja macho. Nyama ikipikwa, Margwe alikula kwanza, peke yake, polepole, kisha sahani ikaja kwangu na mifupa.

"Baba Paskali, kijana naye ana meno," mkewe alimwambia siku moja.

"Mnofu ni wa mwenye mshahara," akajibu, na akacheka mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka. "Apate cheti kwanza."

Nilicheka na mimi kutoka upande wangu wa ukuta, ili ajue nimesikia na sina kinyongo. Nilikuwa sina kweli, siku zile.

Nikapewa darasa la kwanza. Wenzangu wenye cheti walilikwepa, na ukilitazama huwalaumu: watoto wa kujaza kanisa, wengine wadogo wanaolala katikati ya somo, wengine vijana ambao ndevu zimeanza kuchungulia, wote wamekaa sakafuni. Watoto wa wakulima walikaa mbele kwa sababu Kiswahili walikisikia kanisani. Wabarabaig walikaa nyuma karibu na mlango, mashuka begani, fimbo wameziegemeza ukutani, tayari kuondoka. Siku ya kwanza nikaingia na kiburi chote cha chuo. Nikamsimamisha kijana mmoja wa nyuma, mrefu karibu kunifikia, nikamuuliza kwa tabasamu, "Haya, nyumbani kwenu mna ng'ombe wangapi?" Kijana akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akachukua fimbo yake, akatoka, na wenzake wakamfuata mmojammoja, nikabaki na chaki mkononi nawatazama migongo yao ikishuka bondeni. Sisi wa milimani tunahesabu hata vifaranga. Kumbe kwao ng'ombe hahesabiwi. Ukimtaja kwa idadi umemwitia fisi, umemwitia ugonjwa, umeufungulia mlango msiba. Nilipomsimulia Margwe alicheka chai ikamtokea puani. "Umewafukuza peke yako! Mimi imenichukua miaka!" Hakuniambia kosa lilikuwa wapi. Kumbuka hilo, msomaji, kwa sababu ndivyo mtu yule alivyokuwa: anakuona unaelekea shimoni, anakaa pembeni kuangalia utaangukaje.

Aliyeniambia ni mtoto wa kike, Udamaya, binti wa mzee Gidamesh, ambaye hakutoka na wenzake. "Mwalimu," akasema, anatafuta maneno, "ng'ombe hawaulizwi wangapi. Baba anasimama mlango wa zizi. Anaangalia. Anajua nani hayupo." Basi hilo likanikaa kichwani. Siku iliyofuata nikashuka korongoni nikaokota mawe ya kila rangi, meupe, meusi, yenye mabaka, mekundu ya kutu. Nikachora zizi kwa chaki sakafuni, nikayapanga mawe ndani, kila jiwe nikaliita kwa rangi yake kama ng'ombe. Nikawaambia wageuke, nikaficha jiwe moja mfukoni, nikauliza, "Nani hayupo?" Udamaya akataja bila kupepesa. Mtoto mwingine akamsahihisha, wakabishana kwa Kibarabaig, wakulima wa mbele wakageuka kutazama, na kabla ya wiki kuisha wale waliotoka na fimbo walikuwa wamerudi kwa sababu habari ya mwalimu anayechunga mawe ilikuwa imefika bondeni. Kutoka kwa aliyepotea tukaenda kwa waliobaki, na kutoka kwa waliobaki tukafika kwenye namba zenyewe, na hakuna ng'ombe wa mtu aliyehesabiwa. Mbinu ile sikuipata chuoni, niliitunga mwenyewe. Wazazi walianza kuja kusimama dirishani. Wazee wa Kibarabaig walioapa shule ni ya kuwaibia watoto kama walivyoibiwa ardhi, walisimama na mashuka yao, wakasikiliza, wakaondoka, kesho yake wakaleta mtoto mwingine. Mimi nimeuza ng'ombe mpaka mnada mkuu wa Pugu, nimekula meza moja na wakubwa, nimewahi kushangiliwa uwanjani nikikabidhi kombe. Sijapata tena ile raha ya kuuliza swali na darasa zima likanyoosha mikono, mikono mpaka ya wale wenye ndevu.

Mwalimu Margwe alikuwa na shamba la maharage nyuma ya shule. Siku zile wanunuzi binafsi walikuwa wamefunguliwa njia, malori ya Arusha yanafika mpaka mlangoni, na kila mwenye kaeneo amekuwa mfanyabiashara. Sina ubaya na biashara, ndiyo iliyonilisha. Lakini wapaliliaji wa Margwe walikuwa wanafunzi. Kila shamba lilipotaka jembe alipiga kengele katikati ya vipindi, akasema "elimu ya kujitegemea," na watoto wakaenda. Darasa langu lilipoitwa, tulikuwa tumefika mahali pazuri, jiwe jekundu limepotea na watoto wamewaka. Nikaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba darasa langu limalize kipindi."

"Marahaba. Darasa la nani?"

"Langu, mwalimu."

Akaweka kalamu chini. "Wewe unayelala juu ya maharage yangu, una darasa?"

"Nalala juu ya maharage, mwalimu, lakini mtihani watafanya wao. Maharage hayataulizwa kitu."

Mwalimu wa zamu aliyekuwa ofisini akageukia dirishani ili kicheko chake kisionekane. Margwe alikiona. Siku ile darasa langu halikwenda shambani, na jioni nikamsikia juu ya ukuta. "Kijana ameanza kuota pembe." Mkewe akasema, "Kijana anafundisha, Baba Paskali. Hata kina mama wa kisimani wanasema." Kukawa na sauti ya bakuli kusukumwa. "Na mimi miaka yote hii nilikuwa nafanya nini? Nachunga?"

Baada ya hapo akawa mpole kwangu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani yameisha. Udamaya akaacha kuja. Siku zikapita, mratibu wa elimu wa kata alikuwa anatarajiwa kuangalia mahudhurio, na Margwe akaniita akaniwekea mkono begani. Hakuwahi kunigusa kabla. "Nenda kwa mzee Gidamesh, umlete binti. Lakini nakupa siri ya watu hawa. Ukisimama nje kama mwombaji watakuzungusha mpaka jua lizame. Ingia. Pita mpaka chumba cha ndani, kwenye pazia la ngozi. Huko ndiko wanakoficha watoto." Nikamshukuru. Nikashuka bondeni napiga mluzi. Bomani hapakuwa na mtu mzima, mbwa tu na watoto wadogo waliokimbia. Nikapiga hodi, hakuna jibu, nikainama, nikaingia gizani, nikafunua lile pazia la ngozi.

Ndani alikuwa amelala mama yake Udamaya na kichanga cha siku chache kifuani. Nakumbuka harufu ya moshi na samli, na bangili za shaba zilizolia alipomfunika mtoto uso ili nisimwone. Kisha akapiga kelele. Haikuwa kelele ya mtu aliyeogopa. Ilikuwa ya kuita, ndefu, yenye kupanda na kushuka, na kabla sijafika nje ikajibiwa kutoka mashambani, na nyingine mbali zaidi, na nyingine, bonde zima likawa linaitikiana kwa sauti za wanawake. Nilirudi shuleni mbio, nikajifungia stoo. Sebuleni walikuwa wanakunywa chai.

"Hukumwambia kwamba mke wa Gidamesh amejifungua?" Mama Paskali alikuwa anauliza.

"Amesoma chuo. Anajua kila kitu."

"Wewe mwenyewe ulikatazwa hata kusogelea nyumba ya mzazi, mwaka ule tulipohamia. Ulijua. Umemtuma huku unajua."

"Kunywa chai, Mama Paskali."

Nadhani ile ndiyo siku nilipoacha kuwa kijana.

Kesho yake, watoto wakiwa mstarini, wanawake wakaja. Walipanda kutoka bondeni na sketi zao za ngozi na fimbo mkononi, wanaimba, wakakaa chini kuzunguka mlingoti wa bendera kama wenye uwanja. Mwanamume wao hata mmoja hakuja, kwa sababu hilo ni baraza la wanawake, na likikaa wanaume hukaa kimya. Anayeiingilia nyumba ya mama aliyejifungua, wanawake humtoza dume, tena dume zuri, na wao wenyewe hulichinja na kulila. Asipotoa, maneno watakayomwombea hakuna anayetaka kuyasikia. Aliyesema ni bibi yake Udamaya. Aliwahi kuuza maziwa Katesh na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakina mapambo. Akanyoosha fimbo kwangu, lakini macho yalikuwa kwa Margwe.

"Huyu analala kwako?"

"Analala," Margwe akasema.

"Anakula kwako?"

"Anakula."

"Mtoto akikosa, baba anatoa dume. Wewe una madume ya kulimia, tunayaona. Huyu ni mtoto wako?"

Shule nzima ilisikia swali lile. Margwe akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Si wangu," akasema. "Ni wa chuo. Alikwenda kwa kichwa chake."

"Mwalimu, si wewe uliye..."

"Nyamaza! Usizidi kujiharibia."

Yule bibi akanitazama, nikaona ameelewa zaidi ya alivyoambiwa. Akatema mate pembeni. "Asiye na baba atachunga mpaka apate dume," akasema, na wanawake wakainuka. Hukumu ikawa hiyo. Kila mwisho wa wiki na likizo yote nikawa wa mzee Gidamesh, naswaga ng'ombe wake kwenda mnadani, kwa ujira wa dume ambalo nisingelila. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kwa fimbo: anamgusa fahali begani, mguuni, mkiani, kisha ananitazama nimeona nini. Nikajua ng'ombe aliyenyweshwa chumvi ili ajae tumbo. Nikajua dalali anayemnong'oneza mnunuzi huku anamkonyeza muuzaji. Nilijifunza haraka, kwa sababu mimi ni mtu wa kujifunza haraka, na waliosema sina kichwa wako wengi wanaoniomba lifti leo. Siku dume lilipotolewa, wanawake walilila korongoni wakicheka, na yule bibi akaniita nipite karibu. "Sasa tumemaliza, mwalimu. Umekuwa mtu wa hapa. Ukitaka kuingia nyumba, subiri uitwe." Wote wakaangua kicheko, na mama yake Udamaya, mtoto akiwa mgongoni, alicheka kuliko wote. Kesho yake Udamaya alikuwa darasani. Wenye kukosewa walikuwa wamemaliza. Nataka hilo lieleweke vizuri.

Mkufunzi alifika mwishoni mwa mwaka, mtu mnene mwenye kikohozi, akakaa nyuma kabisa kati ya vijana wenye fimbo. Sitasimulia somo lile lote, litanitia uchungu. Nilifundisha kujumlisha na kutoa kwa mawe, na mara katikati niliona amesahau kukohoa. Alipotoka alinishika mkono. "Hii umeipata wapi?" Nikasema, "Hapahapa." Akasema, "Nitaisimulia chuoni." Nikamnawisha mikono nyumbani kwa Margwe, yeye na mwenyeji wake, kisha nikaenda stoo kusubiri, kwa sababu mezani palikuwa pa wakubwa. Mama Paskali alikuwa amechinja jogoo. Nilisikia wanavunja mifupa.

"Darasa analiweza, sikatai," Margwe alisema, kwa sauti ya huzuni, kama anayemtaja mgonjwa. "Tatizo ni tabia. Sipendi kusema. Aliingia kwa mke wa mtu, chumbani, mama amelala, mume hayupo. Wanawake wa kijiji kizima walikuja hapa kuandamana mbele ya bendera, watoto wanaona. Kafidia ng'ombe. Muulize yeyote."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nikatoka stoo, nikaingia sebuleni bila kuitwa. "Shikamoo, mkufunzi. Naomba niseme."

"Kijana," akasema, paja la kuku mkononi, "uliingia au hukuingia?"

"Niliingia, lakini aliyenituma..."

"Nimeuliza uliingia au hukuingia?"

Nikamtazama Margwe. Alikuwa anachambua mfupa. Nikamtazama Mama Paskali aliyesimama mlangoni na jagi la maji. Alifungua mdomo. Mumewe akasema, bila kuinua kichwa, "Maji, Mama Paskali," na mdomo ukafungwa.

"Niliingia," nikasema.

Ndivyo ualimu wangu ulivyokwisha, kati ya mfupa na jagi. Kesho yake nilipofunga mizigo Mama Paskali alinipa furushi la ugali na ndani yake mnofu mkubwa, akasema "Kula, mwanangu," akageuka haraka. Sikupita darasani. Nilijua nikipita sitaondoka. Nikashuka bondeni kwa mzee Gidamesh, na yeye bila kuuliza akanionyesha kundi lililokuwa linakwenda mnadani. Kwa hiyo yule mshereheshaji akitaka kujua nani alinifungulia njia, aende akamwulize bibi aliyekula dume langu, kama yuko hai. Margwe alinifungia mlango, na mimi nikatokea dirishani kwa nguvu zangu.

Na nilimlipa kidogokidogo. Mwaka nilipopata lori la kwanza nilikwenda kununua maharage kijiji kilekile, nikanunua ya kila nyumba, hata ya mjane mwenye debe moja. Margwe alikuwa amepanga magunia yake barabarani. "Kijana, na haya?" Nikamwuliza utingo wangu kwa sauti, "Haya ni ya nani?" Utingo akasema ni ya mwalimu mkuu. "Si ya njia yetu," nikasema, tukamwachia vumbi. Wadudu waliyala yote, niliambiwa, na usiku ule nililala vizuri. Wengine huandika kwamba kisasi hakina ladha. Hawajawahi kulipiza.

Lakini alikuja mwenyewe, mwaka jana, uani kwangu Dongobesh. Alikuwa amestaafu siku nyingi, amekonda, shingo imelegea ndani ya kola, mwanawe Paskali amemshika kwapa. Nilikuwa nasimamia kupakia ng'ombe. Akaniamkia yeye kwanza, mzee yule. Nilimwacha bila shikamoo.

"Nimeambiwa hospitalini nisihangaike tena," akasema. "Padri anasema nisiondoke na mzigo. Nimekuja unisemee neno moja tu, kwamba yamekwisha."

"Yapi, mwalimu?"

Akatazama vijana wangu. "Ya zamani."

"Mimi nina ya zamani mengi. Yaseme tuyajue."

"Mzee anaumwa, kaka," Paskali akasema.

"Naona. Ndiyo maana nataka ayaseme akiwa bado ana sauti." Nikawaita madereva, matingo, mpaka mlinzi wa geti. Wakasimama mduara. Margwe akamwondoa mwanawe kwapani, akajinyoosha. Akasema. Kwamba alijua mama amejifungua. Kwamba alinituma yeye, akaniambia nipite mpaka ndani. Kwamba wanawake walipomwuliza alinikana mbele ya shule. Kwamba mkufunzi alikuwa ameshanipitisha, na yeye akamgeuza kwa maneno, kwa sababu watoto walikuwa wananipenda. Hili la mwisho sikulitegemea. Alimaliza, akashusha pumzi, akanitazama akingoja. Vijana wangu walikuwa wamevua kofia. Paskali alikuwa analia bila kujificha.

"Sijasikia vizuri," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Sauti ilimkatika alipofika kwa mkufunzi.

"Kwa sauti. Wa nyuma hawasikii."

Akarudia tena, kwa pumzi yote iliyobaki kwenye kifua kile, mpaka mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara akatoka kusimama mlangoni kwake. Alipomaliza mikono yake ilikuwa imenyooka mapajani, vidole vimeshikana, macho mbele. Nilikuwa na neno moja la kumpa, ndilo alilolijia, na nilikuwa nalo mdomoni tayari.

"Vizuri," nikamwambia. "Kaa chini."

Hapakuwa na kiti pale uani. Akakaa.